Kiboko kina kitabu chake, ulimi wa mwalimu hauna: barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu mkoani Mwanza

Kwa: Maafisa Elimu wa halmashauri zote za mkoa wa Mwanza, Tume ya Utumishi wa Walimu, Wathibiti Ubora wa Shule na walimu wakuu

YAH: LUGHA ZA MATUSI NA KEJELI KWA WANAFUNZI DARASANI

Ndugu viongozi,

Ninawasalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi moja hapa Mwanza mjini. Jina la shule sitalitaja wala la mwalimu, kwa kuwa siandiki ili mtu mmoja aadhibiwe. Ninaandika kwa sababu shule zetu zina utaratibu wa fimbo lakini hazina utaratibu wa matusi, na watoto wetu wanaumia hapo kila siku ya masomo.

Kanuni za viboko mnazijua kuliko mimi. Zile za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, zinasema viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa la nidhamu, na vitolewe na mwalimu mkuu mwenyewe au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, labda iwe shule haina. Kisha adhabu iandikwe kitabuni. Kanuni hizo zinavunjwa, wote tunajua, na mimi ni miongoni mwa wanaotamani viboko viondoke shuleni kabisa. Lakini zinapovunjwa mzazi ana pa kushika. Anakwenda shuleni anauliza: kitabu kiko wapi? Nani kampa mwalimu huyu ruhusa? Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi alipofariki kule Bukoba baada ya kuchapwa, nchi nzima ilijua pa kuanzia kuuliza.

Mwalimu akimwambia mtoto wa miaka 12 "mbwa wewe", mzazi aulize kitabu gani?

Sizungumzii utani wa kuchangamsha darasa. Walimu wetu wengi wana vichekesho vyao na watoto wanawapenda kwa hilo. Nazungumzia kilaza, mbumbumbu, kichwa maji, ng'ombe. Nazungumzia msichana wa darasa la saba anayeambiwa mbele ya wavulana kwamba mwili wake umeshakuwa wa mke wa mtu, sasa shuleni anangoja nini. Mtoto aliyehamia kutoka Kwimba, mwenye lafudhi ya Kisukuma, anasimamishwa asome kwa sauti, mwalimu anamwigiza neno kwa neno, na darasa linavunjika mbavu. Mtoto anayelelewa na bibi anaulizwa baba yake ni yupi kati ya wavuvi wote wa ziwa hili. Hayo yote yamesemwa na wazazi na watoto mbele ya kamati yetu, nami nimeyasikia kwa masikio yangu.

Na yamenifika nyumbani pia. Ninauza dagaa mwaloni Kirumba. Binti yangu yuko darasa la sita. Muhula uliopita alianza kuumwa tumbo asubuhi. Zahanati walimpima hawakuona kitu. Ilipita muda ndipo nikaona kwamba tumbo linamshika siku zile ambazo Hisabati ni kipindi cha kwanza. Jioni moja nikachukua daftari lake nione anaendeleaje, nikakuta kurasa mbili zimegandishwa kwa uji uliokauka. Nikazibandua taratibu kwa ncha ya kisu. Ndani kulikuwa na zoezi la kujumlisha sehemu. Amekosa hesabu zote, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, mwalimu ameandika: "Kichwa kimejaa dagaa. Kamsaidie mama yako kuanika." Ameweka saini na tarehe.

Ndugu viongozi, naomba mlitazame zoezi lile kama walimu. Mtoto alikuwa na kosa moja tu, akalirudia hesabu baada ya hesabu. Nusu jumlisha theluthi alipata sehemu mbili ya tano, maana alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba angeliona hilo kosa. Maneno mawili ya wino mwekundu, "tafuta KDS", yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote mbili za chini, yangemtosha. Angeona kwamba sita ndiyo asili, yaani namba ya chini, inayofaa, nusu inakuwa tatu ya sita, theluthi inakuwa mbili ya sita, jibu ni tano ya sita. Wino ulikuwepo na muda wa kuandika ulikuwepo. Vikatumika kumtukana mtoto na kazi ya mama yake, na hesabu yenyewe hakufundishwa.

Tena maneno yale yalikuwa yameshasemwa kwa mdomo darasani kabla ya kuandikwa. Wenzake wakayadaka. Hadi leo jina lake uwanjani ni Dagaa. Alikuwa mtoto wa kunyoosha mkono hata kabla swali halijaisha, akaacha. Kazi ya dagaa haijanitia aibu hata siku moja, ndiyo imenunua sare, madaftari na mafuta ya taa, na wanunuzi wanakuja Kirumba kutoka Kongo, Rwanda na Burundi kuzifuata. Ila mtoto wangu sasa akitoka kunisaidia huoga mara mbili kabla ya kwenda shule, na ananiuliza kama bado ananuka.

Nilimpelekea mwalimu mkuu lile daftari. Alinipokea vizuri na alisikitika kwa dhati, hilo nalisema wazi. Akaniambia, "Mama, tuyamalize hapa hapa ofisini, tusimwandike mwenzetu." Mwalimu akaitwa, akasema alikuwa anamtania mtoto. Kisha binti naye akaitwa. Akasimamishwa katikati ya watu wazima wanne, mwalimu wake akiwa amekaa mbele yake, akaulizwa: "Mwalimu huyu hapa. Alikutukana?" Akasema hapana. Daftari liko mezani, limefunguliwa ukurasa ule ule, na mtoto anasema hapana. Kesi ikaishia hapo. Hakuna kilichoandikwa popote, kwa hiyo mzazi atakayekuja mwakani na daftari lake ataonekana ni wa kwanza.

Hapo ndipo ninapoomba mtie mkono. Sheria haina upungufu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto, kumpa adhabu ya kikatili na kumtendea kwa namna ya kumdhalilisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna isiyovunja utu wa mtoto. Walimu wana maadili ya kazi yao, na Tume ya Utumishi wa Walimu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2015, nidhamu ya walimu ikiwa sehemu ya majukumu yake. Mwalimu mkuu ana uwezo wa kushughulikia makosa mepesi kwa onyo au karipio, na yaliyo mazito yana ngazi yake wilayani. Ngazi zote zipo. Kinachokosekana ni hatua ya kwanza kabisa, pale mtoto au mzazi anapofungua mdomo. Nani anampokea? Nani anaandika? Anapewa jibu lini?

Shuleni kwetu lipo sanduku la maoni. Limefungwa kufuli, ufunguo uko kwenye ofisi ya walimu, na watoto wanajua kwamba walimu wanautambua mwandiko wao.

Katika kikao cha kamati wazazi wengine walisema mambo yanayofanana na yangu, na mmoja wetu, kwa nia njema, akapendekeza tumwombee mwalimu yule uhamisho. Nilipinga, na ninaomba nanyi mlipinge kila linapowafikia. Mkoa wetu una visiwa vingi. Kuna Ukara, kuna Irugwa, kuna Kome na Maisome. Mwalimu aliyeshindikana mjini akipelekwa huko hajarekebishwa, amepelekwa mahali ambapo hatasikika. Mtoto wa Ukara ambaye baba yake yuko ziwani usiku kucha, atavuka kutoka Bwisya hadi Bugolora, apande gari hadi Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, akaseme ofisini kwamba mwalimu kamwita mbwa? Uhamisho unatuondolea sisi wa mjini usumbufu kwa gharama ya watoto wa visiwani, na mimi siutaki usumbufu wangu uondoke kwa njia hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo kanda yetu ina sababu ya kulichukulia kwa uzito zaidi ya wengine. Huku kwetu wazee, hasa akina mama, wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na sababu inayotajwa ni macho mekundu, macho ambayo moshi wa kuni na samadi wa miaka mingi jikoni umeyaharibu. Watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya mambo yaliyoanza kama maneno ya watu. Katika moja ya malalamiko yaliyofika kwenye kamati, mwalimu alimwambia mtoto aliyechelewa kwamba bila shaka bibi yake alikuwa naye safarini usiku. Darasa likacheka, kwa kuwa kila mtu alielewa safari gani. Bibi yule anaishi mtaa wa jirani, macho yake mekundu, na watoto waliocheka walirudi nyumbani wakasimulia. Mwalimu ni mtu anayeaminiwa. Neno lake likitoka darasani mtaani linapokelewa kwamba ni kweli, maana mwalimu kasema. Sijui mwalimu yule alifikiria nini. Najua majirani wa bibi yule walifikiria nini, maana binti yake alikuja kwangu analia.

Wapo watakaosema matusi hayamvunji mtoto mfupa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa mwaka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo yao walisema kabla ya kufikisha miaka 18 waliwahi kufanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima, yaani kuitwa majina mabaya, kufanywa wajione hawatakiwi au kutishiwa kutelekezwa. Takwimu hiyo ni ya watu wazima wote, wazazi tukiwemo, siyo walimu peke yao. Ninaitaja kwa sababu serikali yenyewe ililihesabu jambo hili kuwa ni ukatili, pamoja na kipigo, katika utafiti mmoja. Basi na shuleni lihesabiwe.

Nimekaa na walimu, nawajua. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na zipo shule hapa jijini ambapo mwalimu mmoja anasimama mbele ya watoto zaidi ya 100, wengine wamekaa chini, joto la mabati juu. Ana mkopo, ana familia, ana madaftari ya kusahihisha hadi usiku. Anachoka, na mtu aliyechoka hutoa neno baya. Hilo nalielewa na ninaliombea nafuu: walimu waongezwe, madarasa yajengwe, walipwe stahiki zao kwa wakati. Lakini katika shule hiyo hiyo, kwenye darasa la jirani lenye watoto wengi vile vile, yupo mwalimu mwingine. Nimemwona mwenyewe siku ya kutembelea madarasa. Watoto wakipiga kelele hapazi sauti, anasimama kimya ananyoosha mkono juu, na wao wananyoosha mmoja mmoja mpaka kunatulia. Mtoto akikosa ubaoni anamwambia, "Umefika karibu, nani amsaidie mwenzake hatua ya mwisho?" Mshahara wao ni wa serikali ile ile, na jua linalowapiga ni lile lile. Mwalimu huyo naye tunamwonea tunapoyanyamazia matusi ya mwenzake, maana mtoto aliyetukanwa saa mbili anaingia kwenye kipindi chake saa tatu akiwa ameshafunga masikio.

Ninaomba nini, basi?

Ninaomba kila shule iwe na kitabu cha malalamiko ya lugha na udhalilishaji, kama ilivyo kwa kitabu cha viboko, chenye tarehe, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, hatua iliyochukuliwa na saini ya mlalamikaji kwamba amepewa jibu. Kikae kwa mwalimu mkuu, lakini kamati ya shule ikisome kila inapokutana, na Afisa Elimu Kata apate nakala kila mwezi. Neno likiandikwa mara tatu kwa jina la mwalimu yule yule, hakuna atakayeweza kusema alikuwa anatania.

Ninaomba mtoto asihojiwe mbele ya anayemlalamikia. Hili halihitaji fedha wala waraka mrefu. Ahojiwe na mwalimu wa malezi au Afisa Ustawi wa Jamii, mzazi wake akiwepo, na baada ya hapo mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia kwamba hapewi alama za hasira wala adhabu za kulipiza. Pale ambapo dawati la ulinzi na usalama wa mtoto limeshaanzishwa shuleni, watoto waelezwe kwa maneno yao ni nani yuko kwenye dawati na anapatikana saa ngapi. Karatasi iliyobandikwa ofisini haiwafikii. Namba 116, ile ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure, iandikwe kwa rangi kwenye ukuta unaotazamana na uwanja. Ufunguo wa sanduku la maoni apewe mjumbe wa kamati ambaye si mwalimu.

Wathibiti Ubora, mnapokuja mnakagua azimio la kazi, andalio la somo na madaftari ya wanafunzi. Tafadhali yasomeni na yale maandishi mekundu. Daftari lina ushahidi mwingi kuliko mahojiano. Kaeni na watoto wachache bila mwalimu, muwaulize swali jepesi: ukikosa hesabu, mwalimu anakwambiaje? Mtajua hali ya darasa lile kabla ya mapumziko ya chai.

Na walimu wasaidiwe, wasisubiri tu kushtakiwa. Vipo vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambamo walimu wa shule moja hukutana na kujadili mada ngumu za masomo. Lugha ya darasani iwe mada mojawapo, wazungumze wenyewe kwa wenyewe jinsi ya kutuliza watoto 100 bila tusi na jinsi ya kuandika sahihisho ambalo mtoto atajifunza kutoka kwalo. Mwalimu niliyemwelezea wa mkono juu angeweza kuwafundisha wenzake kwa nusu saa. Chuo cha Ualimu Butimba kiko hapa hapa kwetu, na wanachuo wanaokuja mazoezini katika shule zetu wanajifunza kwa kumtazama mwalimu wanayemkuta. Akiwa anatukana, watatoka wakijua kwamba ndivyo darasa linavyoongozwa.

Mwalimu aliyekosea mara ya kwanza aonywe kwa maandishi na amwombe mtoto radhi mbele ya darasa lile lile alimomdhalilisha. Najua hapo wengi watashtuka, watasema heshima ya mwalimu itaporomoka. Mimi naona kinyume chake. Mtoto akisikia mtu mzima anasema "nilikosea, nisamehe", ataweza na yeye kusema hivyo siku moja, na jina la Dagaa litakufa pale pale lilipozaliwa. Akirudia, basi ngazi za Tume zipo na zitumike, bila uhamisho wa kuficha.

Tusingoje mpaka video isambae kwenye simu za watu ndipo viongozi wafike shuleni na msafara wa magari. Mtoto haruhusiwi simu shuleni, hawezi kurekodi. Anachoweza ni kugandisha kurasa za daftari ili mama asione.

Kamati yetu imekubaliana kuanza na kitabu cha malalamiko mara muhula ujao utakapofunguliwa, hata kabla ya maelekezo yenu. Tunachohitaji kutoka kwenu ni barua moja inayokitambua, ili mwalimu mkuu asione kwamba anawachongea wenzake anapoandika. Naomba ipitie kwa maafisa elimu kata na isomwe kwenye mkutano wa wazazi wa kufungua muhula, walimu na sisi tukiwa tumekaa pamoja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule,
Mwanza